Marimba Mbele, Fidla Nyuma

Hoteli ya Watalii,
Voi.
11 Februari 1979

Kwa Dada Loise, mwalimu wa watoto wa Nairobi na mpiga fidla,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kuwinda makosa, maana najua ile kalamu yako nyekundu iko hapo karibu. Mimi mzima, meno yote yapo, na bado ndimi mzuri kuliko wote katika ukoo wetu. Hilo halijabadilika tangu uondoke. Nyumbani Chawia nilipanda Jumapili iliyopita. Mama anakohoa kidogo lakini hataki kuacha kupikia kuni mbichi. Baba amechaguliwa tena mzee wa kanisa, sasa anatembea kama aliyemeza fimbo. Nyanya ameuliza kwa nini huolewi. Nikamwambia umeolewa na fidla. Akasema basi hiyo fidla ilete mahari.

Sasa keti. Umeketi?

Yule bwana wako wa okestra, Bwana Kitheka, alikuja hapa hotelini na mkewe kupumzika. Mimi sikumjua. Nilikuwa barazani nawapigia wageni marimba wakati wa supu, kama kazi yangu ilivyo. Wageni hawasikilizi, wanakula. Wanaosikiliza ni tembo kule chini kwenye maji. Sasa bwana mmoja mfupi mwenye miwani akaacha supu ikapoa, akaja kusimama nyuma yangu. Nikadhani anatafuta choo. Nikamwonyesha kwa kijiti cha kupigia, bila kuacha wimbo.

"Sitaki choo," akasema. "Wewe ndiye ndugu yake Loise?"

Kumbe ni wewe uliyemwambia! Tena alinirudishia maneno yako kama ulivyoyasema: "Nina mdogo wangu huko Voi anagonga mbao kwa watalii." Kugonga mbao! Asante sana, dada. Yule Mdigo aliyenifundisha na kuniachia hii marimba aliporudi kwao angelisikia hilo angelia.

Nisikuzungushe. Bwana Kitheka anataka kutunga muziki mkubwa, marimba moja mbele na fidla zenu zote nyuma yake. Unaitwa koncheto. Utapigwa Septemba katika ukumbi huko kwenu, watu wakiwa wamevaa tai. Na mpiga marimba ni mimi! Mimi Crispus Mwandawiro, niliyeachana na shule kidato cha pili baada ya shule kuniacha kwanza. Nikamuuliza, "Nyuma yangu watakaa fidla ngapi?" Akasema kumi na nane, pamoja na zile kubwa za kusimamisha chini. Nikamwambia kumi na nane zitatosha kwa kuanzia.

Noti sijui hata moja, wajua. Kwangu mimi zinafanana na siafu waliopotea njia. Lakini amesema atanirekodia kwenye kaseti, nisikilize nishike. Na sikio langu hulijui? Nikisikia kitu mara mbili kimeshakuwa changu.

Niandikie upesi uniambie umefurahi kiasi gani.

Nyota ya ukoo,
Crispus

*

Nairobi,
9 Machi 1979

Mpendwa mdogo wangu Crispus,

Nimeipata barua yako na sikushika kalamu nyekundu, ingawa ilinililia. Natumaini kikohozi cha Mama kimepungua. Mwambie nimempa kondakta wa basi la Wundanyi dawa ya chupa, aiulizie dukani kwa Mjomba Obadiah. Mimi si mgonjwa. Darasani nina watoto hamsini na wawili, madawati ishirini. Mvua haijanyesha huku.

Umeuliza nimefurahi kiasi gani. Nimefurahi.

Sasa sikiliza kama mtu mzima. Koncheto si wimbo wa supu. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ina mbio, hiyo utaipenda kwa sababu utajionyesha. Ya tatu ni mbio zaidi. Ya katikati ndiyo ya polepole, na ndiyo itakayokuumbua usipokuwa na subira. Kuna mahali okestra yote inanyamaza, inabaki marimba na fidla moja tu, zinazungumza. Moja inasema, nyingine inajibu. Hiyo fidla Bwana Kitheka amenipa mimi. Ni mistari michache.

Wewe hujui okestra inavyokaa, kwa hivyo nikueleze. Mbele hukaa wakubwa. Nyuma yao wa pili. Mimi nakaa kiti cha mwisho cha wa pili, karibu na mlango, tangu mwaka wa 1970. Mtu akichelewa, mimi ndiye ninayepigwa na baridi.

Bwana Kitheka atakuja Voi kabla ya Pasaka. Marimba yako haiwezi kuja hivyo ilivyo. Sauti zake hazilingani na za fidla. Fanya atakalokwambia. Usimfanyie mzaha.

Wasalimie wote.

Dada yako,
Loise

*

Voi,
22 Aprili 1979

Dada Loise, mlinzi wa mlango wa okestra,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi yako. Dawa ilifika, Mama amepona, na sasa anaidai chupa nyingine kwa sababu ilikuwa tamu. Mvua imetunyeshea vizuri mlimani. Kule Kasigau nasikia tembo wamewamalizia watu mahindi kabla hayajafika magotini. Baba anawaombea kanisani, wale watu, si tembo.

Bwana Kitheka alikuja. Sikumfanyia mzaha, ila mmoja mdogo tu. Alitoa mfukoni kichuma chenye meno mawili kama uma wa kulia, nikamuuliza nyama iko wapi. Hakucheka. Alikigonga gotini, akakisimamisha juu ya meza, meza ikaimba! Akasema hiyo ndiyo sauti ambayo fidla zote hufuata, na marimba yangu lazima ifuate pia.

Tulikaa siku mbili nyuma ya jiko na kisu na msasa. Mbao zangu zote ishirini na mbili tulizifungua kwenye kamba. Ukitaka sauti ishuke unachimba kidogo chini katikati ya ubao. Ukitaka ipande unakwangua ncha. Ukizidisha, umeua ubao. Mmoja niliuua. Mpishi wetu Katuku akautia motoni, na ugali wa siku hiyo ulikuwa mtamu ajabu. Nikachonga mwingine kwa mkurungu mkavu, na huu mpya unalia kuliko ndugu zake wote. Nadhani umenifuata mimi.

Kaseti ya kwanza nayo nimeishika! Upande mmoja Bwana Kitheka anapiga sehemu yangu ya marimba kwa piano, ili nijifunze. Upande wa pili ni fidla zenu zenyewe, zinaniachia nafasi niingie. Nasikilizia kwenye redio kaseti ya Katuku. Sehemu ya kwanza yote iko mikononi, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata ile mbio ya mwisho inayofanana na mbuzi kwenye bati. Meneja ananitazama siku hizi kana kwamba nimeiba kitu lakini hajui nini.

Leta hiyo ya polepole. Polepole! Hata kobe anaweza polepole.

Yako kwa heshima inayopungua,
Crispus

*

Nairobi,
30 Mei 1979

Crispus,

Salamu. Kaseti ya pili hii hapa. Upande wa pili ni mimi peke yangu. Ingia baada yangu kama ilivyo kwenye upande wa kwanza.

Nina mitihani ya kusahihisha. Wasalimie nyumbani.

L. Mwandawiro

*

Voi,
24 Juni 1979

Kwa Mheshimiwa L. Mwandawiro,

Nimepata hati yako, na nilikuwa karibu kuipeleka kwa chifu kwa sababu nilidhani nimeshtakiwa. Dada, ndiyo barua hiyo? Hata bili ya maji ina maneno mengi kuliko hiyo. Hukuuliza kikohozi, hukuuliza mvua, hukuniita hata mpumbavu. Nikasema ni mitihani. Watoto hamsini na wawili wanaweza kummaliza mtu.

Huku wazima. Mtoto wa Mjomba Obadiah amezaliwa, msichana, wamemwita Christine. Mbuzi wa Baba ameliwa na chui, au ameuzwa na mchungaji wake. Kesi inaendelea.

Sasa nikwambie jambo, na usicheke. Sehemu ya pili imenikataa.

Kuishika nimeishika. Nikipiga peke yangu inatoka sawa, Katuku hata aliacha kukata vitunguu akafuta macho, akasingizia vitunguu. Lakini nikiweka upande wa pili, fidla yako inapoanza, mikono inakufa. Sijui niseme vipi. Kila ninapotaka kuingia nakuta umeshafunga mlango. Unamaliza neno lako, nainua kijiti, nacho kinaanguka nje ya mahali pake. Nimejaribu asubuhi. Nimejaribu nikiwa nimeshiba. Nimejaribu nikiwa nimefumba macho, nikapiga redio ya Katuku badala ya marimba.

Bwana Kitheka atakuja kunisikiliza tarehe ishirini na tano Agosti. Amesema waziwazi: nisipokuwa nimeiweza sehemu ya pili siku hiyo, koncheto itapigwa kwa piano, mimi nibaki na tembo wangu.

Nikapanda nyumbani. Sikutaka kusema, lakini Nyanya aliniona nikila kidogo, na wewe wajua jambo hilo halijawahi kutokea. Nikamweleza. Akaweka kibuyu chini akasema, "Mikono haiwezi kufa bure. Kuna mtu wetu ana kitu moyoni juu yako na hajakisema."

Basi, dada, wiki hiyo Chawia yote ilitema! Nyanya alikata muwa, akaukamua, akawaita watu watase, wateme kinyongo mmoja mmoja. Alianza mwenyewe. Alichukua funda la maji ya muwa, akasema kama amewahi kunikasirikia kwa ajili ya lile sufuria, hasira hiyo itoke iende na maji, akapuliza chini mbele ya miguu yangu. Mama akatasa. Mjomba Obadiah akatasa, kumbe alikuwa na kinyongo cha baiskeli tangu 1974 na mimi nilishaisahau! Mama Tryphena jirani hakuitwa, alikuja mwenyewe, akasema heri atase tu asije akasingiziwa. Baba akasema yeye ni mzee wa kanisa, hatatasa, ataniombea. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuangalia ng'ombe, akarudi na ndevu zimelowa. Hakuna aliyemuuliza.

Nikashuka Voi mwepesi kama karatasi. Nikaweka kaseti.

Ileile. Mlango umefungwa.

Nikarudi kumwambia Nyanya. Akahesabu watu kwa vidole, akasema wamekwisha wote. Nikamwambia, "Bado Loise." Akanipiga kwa mwiko. "Loise? Yule aliyejinyima akakulipia shule? Yule hawezi." Na mimi nikaona aibu hata kulitaja jina lako. Kweli, wewe huwezi. Ni mimi tu sijui kitu. Labda sikio langu lina mwisho na hapa ndipo mwisho wake.

Lakini usidhani naogopa.

Crispus

*

Nairobi,
29 Julai 1979

Mdogo wangu,

Wasalimie wote kwa majina yao, hasa huyo Christine mdogo. Sikuwahi kujua Mjomba ana kinyongo cha baiskeli. Nilicheka peke yangu hadi Syokau, mama wa chumba cha pili, akagonga ukuta.

Barua yako ilifika tarehe mbili. Nilipofika pale uliposema "wewe huwezi," niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Nikaenda kazini, nikasahihisha, nikaenda mazoezini, nikakaa karibu na mlango wangu. Usingizi ukawa unakatikia hapo kwenye godoro kila siku. Ndiyo sababu umekawia kupata jibu. Hakuna mitihani mwezi huu, nikuambie ukweli.

Crispus, ni mimi.

Sijui niandike vipi jambo hili kwa mtu niliyembeba mgongoni. Nilianza fidla nikiwa na miaka kumi na mitatu, pale shuleni kwa masista, vidole vikitoka damu. Nilijifunza noti zote. Miaka tisa nimekaa kile kiti. Mwaka juzi nilijikaza nikamwomba Bwana Kitheka, siku moja akitunga kitu, anitungie mimi, hata kiwe kifupi. Akasema, "Siku moja, Loise." Nikaingoja hiyo siku moja. Halafu akaenda kupumzika Voi, akarudi macho yanawaka, akaniambia mbele ya watu wote, "Ndugu yako ni ajabu!" Wewe usiyejua noti. Wewe uliyeachiwa marimba ukiwa unaosha sahani. Na mimi ndiye niliyemwelekeza njia kwa mdomo wangu, tena kwa kukudharau.

Nikapewa ile mistari michache katikati. Niliona kama makombo yaliyobaki mezani kwako.

Siku ya kurekodi, Bwana Kitheka aliniambia, "Loise, mwachie nafasi." Nikasema nimemwachia. Kwa hesabu ya noti nilikuwa nimemwachia kweli, hata yeye hakuona kosa. Lakini nilipiga kama mtu anayekula haraka ili mwingine asipate. Wewe umesikia, na hujui kusoma hata mstari mmoja. Hilo nalo liliniuma tena upya, nikuambie kweli.

Basi jana nimefanya hivi. Nilinunua muwa sokoni. Sina kinu wala mkamuaji, nikautafuna mwenyewe mpaka mdomo ukajaa. Nikatoka mlangoni. Nikasema, kwa Kidawida chetu, kwa sauti, mambo yote niliyokuandikia hapa, na mengine mawili ambayo sitakuandikia. Kisha nikapuliza. Syokau alikuwa anaanika nguo, akaniuliza kwa upole sana kama nina mimba.

Sina kaseti nyingine ya kukutumia. Mashine ni ya Bwana Kitheka na amesafiri nayo. Unayo ileile tu. Kama ukitaka kumwandikia kwamba hutaki fidla yangu katika ile sehemu, apewe mtu mwingine, andika. Sitakasirika. Nimekwisha kukasirika.

Dada yako,
Loise

*

Voi,
19 Agosti 1979

Dada,

Salamu. Wote wazima, mahindi yamekomaa, chui ameachiliwa, mchungaji amekiri.

Barua yako niliipata tarehe mosi. Najua umehesabu siku. Zihesabu tu, ulistahili kungoja kidogo. Nilipomaliza kuisoma niliikasirikia hata bahasha. Nikasema, yaani mimi nimemtemesha Nyanya mwenye miaka themanini, nimemtorosha Baba nyuma ya nyumba, nimeamini kwamba nimefika mwisho wa sikio langu, kumbe mtu yuko Nairobi anakula haraka! Nikaifunika marimba kwa gunia. Siku tatu sikuigusa. Meneja akawapigia wageni santuri, wakala vizuri zaidi.

Nikapanda nyumbani. Nyanya akauliza, "Barua ya Loise inasema nini?"

Nikamwambia, "Anawasalimu. Amekula muwa."

"Peke yake?"

"Na jirani alikuwepo."

Akaniongezea viazi. Sikumwambia zaidi na sitamwambia. Hayo ni yangu na yako.

Nikatoka huko nikiteremka kwa miguu mpaka Mwatate, na njiani ndipo nikaanza kucheka. Kwa sababu gani? Kwa sababu, dada, kumbe si mimi! Unajua nimelala vipi tangu Juni? Nilishamtungia Bwana Kitheka barua kichwani, kwamba nina malaria itakayoendelea hadi Septemba. Nilisema siogopi. Niliogopa mpaka nikawa namsalimia meneja kwa Kiingereza. Nilijua nimebebwa juu mbele za watu na sasa nitaangushwa, wote waseme, aa, yule ni muosha sahani. Halafu dada yangu ananiandikia kwamba sikio langu lilisikia kitu ambacho Bwana Kitheka mwenyewe na miwani yake hakukisikia! Nitakaaje nimekasirika? Hiyo ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na nimejipa nyingi.

Nimefika Voi, nimeondoa gunia, nimekata muwa. Nimesema yangu. Nami nilikuwa nayo: nimesema kwamba tangu utoto kila nilichofanya nimeambiwa "mwangalie Loise," na kwamba nilipofukuzwa shule nilifurahi kidogo kwa sababu zilikuwa pesa zako. Nikapuliza. Katuku alikuwepo. Akasema Wataita mna mambo, na akauliza kama muwa uliobaki una mwenyewe.

Nikaweka kaseti. Ni ileile, hakuna aliyeigusa. Fidla yako ikaanza, haraka vilevile, mdomo umejaa. Nami sikuukimbilia mlango. Nikangoja nje mpaka umalize, nikaingia taratibu kama mtu anayejua yuko kwao.

Nikaingia!

Nimeingia mara saba tangu asubuhi. Bwana Kitheka na aje hata kesho.

Na fidla asipewe mtu mwingine. Ukithubutu kumpisha mtu kile kiti nitapiga hiyo sehemu ya polepole kwa mbio, nikuaibishe.

Ndimi ambaye sina malaria,
Crispus

*

Nairobi,
7 Oktoba 1979

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini gari lilikufikisha salama pamoja na marimba na vibuyu vyake vyote. Uliondoka asubuhi baada ya koncheto na wenzako wa hoteli hata chai hatukunywa, na usiku wenyewe watu walikuzunguka kama nzi. Kwa hivyo sikusema. Nasema sasa.

Mwambie Mama viatu vyako vyeupe vilikuwa vya kazini lakini vilipendeza. Mwambie Baba uliinama kusalimia watu kabla ya kupiga, ingawa uliinamia mlango wa jikoni kwanza. Mwambie Nyanya walisimama wote mwishoni, na mama mmoja aliyevaa kofia alikuwa analia na hakusingizia kitunguu.

Haya mengine ni yako.

Sehemu ya kwanza ulijionyesha, kama nilivyojua. Ulitazama juu ukicheka mahali ambapo mimi ningehesabu. Kisha ikaja ya polepole. Fidla zote zikanyamaza, na Bwana Kitheka akanigeukia kule mlangoni. Nikainuka. Nilipokuwa naweka fidla begani niliutafuta ule uchungu, Crispus. Niliutafuta kwa makusudi, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Nilikuwa nao miezi mingi, niliuzoea, nilidhani utakuwepo siku ya siku. Nikapapasa huku na huku. Palikuwa laini tu.

Nikapiga neno langu la kwanza. Ukanijibu. Nikapiga la pili, nawe hukujibu upesi, ukaniacha nimalize pumzi. Hiyo haikuwa kwenye karatasi. Bwana Kitheka alishusha mikono akatuachia wenyewe. Sijui tulikaa pale kiasi gani. Nilisahau kwamba watu wamelipa kiingilio.

Amenisogeza mbele kiti kimoja. Nimemwambia asante, lakini huko nyuma nilishazoea baridi.

Syokau anakusalimu. Anauliza kama wewe ndiye baba wa ile mimba.

Dada yako akupendaye,
Loise

*

Voi,
28 Oktoba 1979

Dada yangu Loise,

Salamu kutoka kwa wote, na nyingi zaidi kutoka kwa mtu maarufu. Nyumbani nimesimulia mara tisa na kila mara watu wa ukumbini wanaongezeka. Kwa Mama Tryphena walifika elfu mbili. Baba amelitaja jina langu kanisani, katikati ya tangazo la mchango wa bati. Nyanya haulizi tena habari ya kuolewa kwako. Amesema mwenye kazi kama hiyo aachwe afanye.

Mwambie Syokau mimi ni mjomba.

Sasa, kazini kuna jambo. Meneja alisoma kipande kidogo kwenye gazeti, akaniita ofisini, akanipa kiti. Kiti! Akasema kuanzia sasa wageni wapigiwe ule muziki wa Nairobi, ndio wanaotaka. Nikamwambia bwana, ule una fidla kumi na nane nyuma. Akasema piga ya kwako tu, watu wanakula, hawatajua.

Basi napiga. Sehemu ya kwanza naipiga, hata peke yangu inashiba. Kisha naanza ile ya polepole. Nikifika pale penye fidla yako, nasimama. Nashika vijiti, sipigi kitu, nasikiliza. Wageni wanadhani imekwisha, wanapiga makofi. Nawaacha wapige, wakichoka wanarudi kwenye supu. Jana mzungu mmoja alikuja akaniuliza kwa ukali, "Mbona umeacha?"

Nikamwambia, "Sijaacha. Dada yangu bado anasema."

Ukimaliza ndipo naingia.

Ndimi mdogo wako,
Crispus